Shahada moja, mishahara mitatu: jibu kwa daktari mpya wa Kasulu

Swali. "Nimemaliza mafunzo kwa vitendo na leseni yangu ya Baraza la Madaktari Tanganyika imetoka. Kwetu ni Kasulu. Nina nafasi tatu mkononi. Ya kwanza ni ajira ya serikali katika hospitali ya wilaya, kama 1,500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ya pili ni hospitali ya kanisa mkoani Tabora, 1,400,000 na nyumba juu. Ya tatu ni shirika linalotoa huduma kambi ya wakimbizi, 2,600,000, mkataba wa mwaka mmoja. Mwenzangu tuliyesoma naye yuko Dar es Salaam, anafanya hospitali mbili na anadai ananizidi mbali. Kwa nini shahada moja ilipwe tofauti namna hii, na nipigeje hesabu? Baadaye nataka kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu bado ninao."

Jibu. Hongera kwa leseni, Daktari. Swali lako ni zuri kwa sababu umelileta na tarakimu.

Ukitaka kuelewa malipo ya daktari wa hospitali, weka kando kwanza shahada na bidii yake, uliza pesa inatoka fungu gani. Anayelipwa na Hazina, anayelipwa kwa ada za wagonjwa na anayelipwa na mfadhili wanaweza kupokezana zamu wodi moja, lakini mishahara yao haihusiani. Kila fungu lina anayelijaza, lina kinacholikausha, na lina namna yake ya kukua. Nafasi zako tatu ni mafungu matatu, kwa hiyo tuyapitie moja moja.

Fungu la Hazina

Serikalini mshahara unafuata ngazi za watumishi wa afya, TGHS. Tabibu Daraja la II, mwenye stashahada, anaanzia TGHS B. Wewe mwenye shahada ya udaktari unaanza ukiwa Daktari Daraja la II, TGHS E. Ndani ya kila ngazi kuna vidato, yaani E.1, E.2 na kuendelea. Ngazi hizi hazijui jiografia. Daktari wa daraja lako aliyeko Kakonko na mwenzake wa Ilala wanapokea mshahara uleule, ingawa mmoja amezungukwa na hospitali binafsi zinazotafuta mtu wa zamu za jioni na mwingine yuko peke yake na jenereta. Tofauti kati yao inatokea kwenye posho na kazi za pembeni, na hapo ndipo Kigoma, mwisho wa reli, inapoumia.

Mshahara wa ngazi unapanda kwa njia tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kupandishwa kwa viwango vyote kwa waraka wa serikali. Mwezi Mei 2022 ilitangazwa asilimia 23.3, na Mei Mosi ya 2025 pale Singida ikatangazwa asilimia 35.1. Soma matangazo hayo vizuri: asilimia hizo zilihusu kima cha chini cha mshahara serikalini, ambacho mwaka 2025 kilitoka 370,000 kwenda 500,000. Walioko ngazi za juu hupata asilimia ndogo zaidi. Usichukue asilimia ya kima cha chini ukaizidisha na mshahara wa daktari, maana utapanga maisha kwa pesa ambayo haitakuja.

Ya pili ni nyongeza ya mwaka, ile ya kusogea kidato kimoja. Ilisimama kwa miaka kadhaa, na kurejeshwa kwake kulitangazwa Mei Mosi ya 2023 huko Morogoro. Kiasi chake si kikubwa, lakini kinajilimbikiza.

Ya tatu, na yenye uzito kuliko zote, ni kupanda daraja. Hapa mambo mengi huharibika, na mara nyingi chanzo ni makaratasi, si uwezo wa mtu. Ili upandishwe lazima uwe umethibitishwa kazini baada ya miezi 12 ya majaribio, uwe umekaa kwenye daraja muda unaotakiwa na muundo wa kada yako, tathmini yako ya utendaji iwe imejazwa na kufungwa kwenye mfumo, na nafasi yako iwe imewekwa kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) na bajeti ya mwajiri kwa mwaka huo wa fedha. Kikikosekana kimoja unabaki ulipo. Kinachosahaulika zaidi ni barua ya kuthibitishwa. Miezi 12 inapita, daktari yuko bize wodini, Afisa Utumishi ana watu wengi wa kuwashughulikia, na hakuna anayekumbushana. Miaka mitatu baadaye wenzako wanapanda, jina lako halimo. Mwezi wa kumi na moja wa ajira yako, andika barua mwenyewe ya kuomba kuthibitishwa, ipitie kwa Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Siku ya kuripoti nenda na vyeti halisi: kidato cha nne na cha sita, chuo, cheti cha kuzaliwa, leseni, namba ya kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki. Majina yafanane herufi kwa herufi. Cheti cha sekondari kikiwa na majina mawili na kitambulisho cha taifa kikawa na matatu, taarifa zako zitakwama kabla hujapata cheki namba, yaani namba yako kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na mshahara wa miezi hiyo utageuka malimbikizo. Malimbikizo hulipwa, ila baada ya uhakiki, na uhakiki unachukua muda. Kasoro ya jina irekebishe kwa hati ya kisheria kabla ya kuripoti.

Huenda unajiuliza pia ni nani anayebishania viwango hivi. Chama cha Madaktari Tanzania ni chama cha kitaaluma. Chama cha wafanyakazi kinachokaa meza moja na serikali ni TUGHE, ambacho kinabeba watumishi wa serikali na afya kwa pamoja. Katika mgogoro wa mwaka 2012 madaktari walidai mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5, na hawakuupata. Jirani zetu Kenya, chama cha madaktari ni chama cha wafanyakazi kamili. Baada ya mgomo wa siku 100 uliomalizika Machi 2017 walirudi kazini kwa makubaliano na serikali. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ya muundo inaeleza mengi kuhusu pengo la mishahara kati ya nchi hizi mbili, ingawa si yote.

Kinachobaki mkononi

Hesabu za barua ya ajira ni za kabla ya makato. Chukua hiyo 1,500,000 kama mfano wa hesabu tu.

Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, unakata asilimia 5, yaani 75,000, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Kodi ya mapato inatozwa baada ya kuondoa pensheni, kwa hiyo inapigwa kwenye 1,425,000. Tanzania Bara shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 asilimia 20. Hadi 1,000,000 asilimia 25. Na kila kinachozidi milioni moja asilimia 30. Ukifika milioni moja kodi ni 128,000, ongeza asilimia 30 ya 425,000 iliyozidi, ambayo ni 127,500. Jumla 255,500. Bima ya afya NHIF asilimia 3, yaani 45,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 225,000. TUGHE ikikata asilimia 2 ni 30,000. Makato yote ni 630,500, na mkononi zinabaki 869,500.

Kuna kanuni moja ya kukulinda hapo: makato ya mtumishi wa umma hayatakiwi kushusha mshahara chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa mfano wetu theluthi ni 500,000, maana yake nafasi ya mkopo wa benki ni 369,500 kwa mwezi, si zaidi. Maafisa mikopo watakufuata hata kabla hujamaliza wiki ya kwanza. Ukijaza nafasi hiyo yote mwaka wa kwanza, siku ukienda masomoni ambako posho hazipo, utaishi kwa laki tano.

Posho zina fungu lake

Mshahara unatoka Hazina, lakini posho nyingi za hospitali hulipwa na hospitali yenyewe. Posho ya kuitwa kazini na malipo ya kazi za ziada kwa kawaida hutegemea mapato ya ndani na fedha za matumizi mengineyo. Ndiyo maana posho huchelewa hata mwezi ambao mshahara umetoka tarehe yake. Ukisikia hospitali fulani inalipa posho vizuri, maana yake ni kwamba inakusanya vizuri.

Sasa angalia hospitali ya wilaya mkoani Kigoma inakusanya kwa nani. Watumishi wa umma wenye kadi za NHIF ni wachache ukilinganisha na wakulima na wavuvi. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, imekuwa ikichangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6. Na kuna kundi la msamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wasiojiweza. Msamaha huu ni haki na unaokoa maisha, sina shaka nao hata kidogo. Lakini jua athari yake kwa fani unayoitaka. Daktari wa wanawake na uzazi katika hospitali ya umma ndiye anayeamshwa usiku kuliko wote, na wagonjwa wake ndio wasiochangia. Huyohuyo akiwa hospitali binafsi ya mjini ni miongoni mwa wanaoingiza pesa nyingi, kwa kuwa kila upasuaji wa kujifungua una ankara. Ujuzi haujabadilika, kazi ni ileile. Kilichobadilika ni fungu.

Fani nazo hutofautiana kwa sababu hiyohiyo. Anayepasua, anayefanya kipimo cha ultrasound au kuingiza kamera tumboni anazalisha huduma yenye bei yake. Daktari wa akili au wa afya ya jamii anazalisha ushauri na mipango, ambayo huhesabiwa kidogo kwenye bili. Hili si la Tanzania peke yake. Marekani, tangu mwaka 1992, Medicare, mpango wa serikali wa bima ya afya hasa kwa wazee, hulipa madaktari kwa vizio vinavyopima kazi ya daktari, gharama za kuendesha kituo na bima ya makosa ya kitabibu, na kule pia fani za kutumia mikono huwa na malipo makubwa kuliko za kukaa na mgonjwa na kumsikiliza.

Na mpasuaji hapasui peke yake. Hospitali ikiwa na bingwa mmoja na haina mtaalamu wa usingizi, au mashine ya usingizi imeharibika, bingwa huyo anabaki kuona wagonjwa wa nje na kuandika rufaa kwenda hospitali kubwa za Maweni au Bugando. Mapato ya chumba cha upasuaji yanakuwa sifuri na posho inafuata. Ukipewa kituo, swali la mshahara liambatane na haya: wapo wataalamu wangapi wa usingizi, damu salama inapatikana wapi, umeme wa dharura unachukua muda gani kuwaka?

Kuna pesa nyingine ambayo hospitali huipoteza kwa mikono ya madaktari wenyewe, nayo ni madai ya bima yanayokataliwa. Utambuzi wa ugonjwa hauendani na dawa iliyoandikwa. Saini au namba ya usajili ya daktari haipo. Dawa ni ya ngazi ya rufaa lakini imeandikwa kituo cha chini. Madai yamepelekwa muda umepita. Bima inakata na hairudishi. Hospitali ambayo Mganga Mfawidhi wake anakaa na madaktari kila mwezi kupitia madai yaliyokatwa huwa na uhakika wa posho kuliko jirani yake yenye wagonjwa wengi zaidi. Tangu kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei zake, kilipoanza Machi 1, 2024, mwenye kuandika kwa mazoea ya zamani ndiye anayekatwa.

Jambo la kodi hapa lina faida kwako. Posho za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada na mazingira magumu anazolipwa mtumishi wa serikali, au wa taasisi inayotegemea bajeti ya serikali, hazitozwi kodi ya mapato. Za hospitali binafsi zinatozwa. Kwa hiyo 300,000 ya posho serikalini ni 300,000 kamili, wakati binafsi, kwa mtu ambaye amevuka milioni moja, inabaki 210,000.

Hospitali ya kanisa

Hapa kuna mafungu mawili chini ya paa moja. Katika hospitali nyingi za mashirika ya dini, hasa zile teule za wilaya na za rufaa, baadhi ya watumishi wanalipwa na serikali na waliobaki wanalipwa na hospitali kwa ada za wagonjwa. Unaweza kukuta madaktari wawili wa shahada moja katika wodi moja, mmoja anafuata TGHS na nyongeza zake, mwingine anafuata mkataba wa hospitali. Uliza waziwazi: nafasi yangu iko upande upi? Jibu hilo lina uzito kuliko ile 1,400,000, kwa sababu mshahara wa ada za wagonjwa unayumba na msimu. Tabora ikivuna tumbaku na wakulima wakilipwa kwa wakati, wagonjwa wanalipa. Malipo ya tumbaku yakichelewa, hospitali inachelewesha mishahara.

La pili ni namna pesa ilivyogawanywa kwenye mkataba. 1,400,000 inaweza kuandikwa yote kuwa mshahara wa msingi, au milioni moja msingi na 400,000 posho. Mwezi wa kawaida unaona tofauti ndogo. Tuseme hospitali inakata pensheni ya sekta binafsi, NSSF, asilimia 10 ya jumla yote, yaani 140,000, kodi ni 206,000, na Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya msingi wa milioni moja, 150,000. Zinabaki 904,000, na nyumba ni ya bure. Kwa mwezi huo umeipita serikali.

Mgawanyo huo unakuumiza kwenye zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kupita 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kazi ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5, na sikukuu hulipwa mara mbili. Yote hayo hupigwa kwenye mshahara wa msingi. Gawa msingi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa 45. Msingi wa milioni moja unakupa saa ya ziada ya karibu 7,690. Msingi wa 1,400,000 unakupa 10,770. Kwa saa 50 tofauti ni karibu 154,000 kwa kila wiki nne, na daktari wa hospitali ya vijijini hakosi saa hizo. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi nacho, siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, kinafuata msingi.

Hakikisha mkataba unasema pia zamu ya kukaa nyumbani ukisubiri kuitwa inahesabiwaje. Mikataba mingi iko kimya hapo, na ukimya huo humlipa mwajiri. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja; mshahara hauguswi lakini posho za zamu husimama, kwa hiyo anayetegemea posho huona pengo kubwa. Mgogoro ukitokea, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea shauri la kuachishwa kazi ndani ya siku 30 na mengine ndani ya siku 60. Ukivuka siku hizo itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na uwe na sababu.

Usitafute msaada kwenye amri ya kima cha chini cha sekta binafsi. Viwango vyake kwa sekta ya afya viko mbali chini ya mshahara wa daktari, havitakupandisha hata shilingi. Kinachokulinda ni mkataba uliousoma.

Shirika la kambini

2,600,000 inavutia, na si ujinga kuvutiwa. NSSF 260,000, kodi 530,000, Bodi ya Mikopo 390,000. Mkononi zinabaki 1,420,000, dhidi ya 869,500 za serikali. Kwa mwaka mzima serikali inakupa 10,434,000. Shirika linaifikia kiasi hicho kati ya mwezi wa saba na wa nane: miezi 7 ni 9,940,000, miezi 8 ni 11,360,000. Kwa hiyo jiulize, una uhakika wa kufanya kazi angalau miezi 8 kati ya kila 12, mwaka huu na miaka inayofuata?

Uhakika huo hauko mikononi mwa shirika. Linalipwa na wafadhili kwa idadi ya wakimbizi na kwa mwaka wa bajeti. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na ajira za pale zikaisha pamoja nayo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wa miradi ya afya walipokea barua za kusimama kazi ndani ya siku chache, bila kosa lolote la kwao. Kwenye mkataba tafuta kifungu kinachosema ajira "inategemea upatikanaji wa fedha". Kama kipo, na karibu kila mara kipo, ile miezi 12 ni matarajio tu.

Upande wa pili wa mizani nao useme. Makato makubwa ya Bodi ya Mikopo si hasara, ni deni lako linapungua. Na kambini utajifunza kusimamia mlipuko wa kipindupindu, chanjo na taarifa kwa kiwango ambacho hospitali ya wilaya haitakupa mapema hivyo.

Mwenzako wa Dar es Salaam

Anachokupa ni mapato ya saa nyingi, si mshahara mkubwa. Akiwa ameajiriwa sehemu mbili, ajira ya pili hutozwa kodi asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza, haina ile nafuu ya 270,000. Akilipwa kama mtoa huduma, anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kulipwa na kubaki na wajibu wa kuwasilisha hesabu zake za kodi mwenyewe mwisho wa mwaka, jambo ambalo wengi hulikumbuka siku wanapodaiwa. Ondoa nauli, kodi ya nyumba ya Dar na usingizi uliopotea, kisha mwambie agawe kwa saa anazofanya. Huenda akakuzidi bado, maana soko la pale lina wagonjwa wenye bima, lakini si mbali kama anavyosema.

Ubingwa ndio unaoamua kwako

Ungekuwa unataka pesa ya haraka tu ya kumalizia deni na kujenga, ningekwambia kambini. Lakini umeandika kwamba unataka ubingwa, na hilo linageuza hesabu yote. Shahada ya uzamili ya udaktari katika vyuo vingi ni miaka 3. Mtumishi wa umma aliyethibitishwa, aliyetumikia muda unaotakiwa, akaingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na kupewa ruhusa ya maandishi, huendelea kupokea mshahara akiwa darasani. Miezi 36 kwa 869,500 ni shilingi 31,302,000, na hapo sijahesabu ufadhili wa ada ambao Wizara ya Afya hutoa kwa fani zenye upungufu. Hakuna mkataba wa kambi utakaokulipa uende shule. Gharama yake ni kwamba utasaini kurudi kutumikia, na ukiondoka bila ruhusa unaandikwa mtoro na cheki namba inafungwa.

Kwa hiyo ningechukua serikali, nikijua miaka miwili mitatu ya mwanzo mkono utakuwa mwembamba. Hospitali ya kanisa ningeiweka mbele endapo tu nafasi hiyo inalipwa na Hazina, kwa sababu hapo unapata vyote viwili, ngazi ya serikali na nyumba.

Na utakapomaliza ubingwa, kuna mahali pa mwisho pa kuwa macho. Cheti chako hakibadilishi mshahara. Kinachobadilisha ni barua ya kubadilishiwa muundo kuwa Daktari Bingwa, na barua hiyo inahitaji nafasi kwenye ikama. Tabibu aliyefanya kazi miaka mingi kabla ya kupata shahada naye hupita njia hiyo: akiwa na mshahara mkubwa kuliko ngazi mpya hubaki na ule wa zamani kama mshahara binafsi hadi ngazi imfikie. Makisio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huandaliwa miezi mingi kabla. Ukiwasilisha matokeo yako mwezi Juni umechelewa mwaka mzima, na tarehe inayohesabiwa kwenye mshahara ni ile iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyofaulu. Peleka barua ya kujulisha kwa mwajiri ukiwa bado mwaka wa tatu, kabla ya Desemba, ueleze tarehe unayotarajia kumaliza na uombe nafasi yako iwekwe kwenye ikama. Matokeo yakitoka, ambatanisha na usajili mpya wa Baraza siku hiyohiyo.